Jogoo Aliyevunjwa Mguu kwa Niaba ya Mwenyekiti

Bi Swaumu binti Nassibu wa Ipuli, mjini Tabora, alikuwa na mikono ya mwashi na mdomo wa dalali, na kazi yake ilihitaji vyote viwili. Alikuwa mganga wa mifupa. Mtu akianguka kutoka kwenye baiskeli, kwenye mzinga wa nyuki juu ya mti, au kwenye dirisha la mke wa mtu, alipelekwa kwake akiwa amebebwa kitandani, naye alianza kwa kumpapasa taratibu huku akimtukana.

Hakupaza sauti. Alitukana kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele: sura ya mgonjwa, ukoo wake, namna anavyolia. Mgonjwa alivumilia, kisha akashindwa kuvumilia, kisha akasahau mguu kabisa na kuanza kutafuta jibu. Jibu likiwa bado kwenye ncha ya ulimi, Bi Swaumu alivuta. Mfupa ulirudi mahali pake kwa mlio wa kuni kavu, na jibu halikutolewa tena. Tabora ilikuwa na watu wengi waliokuwa wakimwekea majibu ya miaka kumi iliyopita.

Kazi hiyo ilianza kwa babu yake, Mabruki, ambaye hakuwa mganga hata kidogo. Alikuwa pagazi. Siku za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu na kupanda tena na nguo na ushanga, Mabruki alianguka korongoni huko Ugogo akiwa na mzigo wa ushanga kichwani. Muundi wake ulivunjika ukachungulia nje ya ngozi. Mfuko nao ulipasuka juu yake, na punje za ushanga zikaingia kwenye jeraha kama kunde chunguni. Kiongozi wa msafara aliamuru mguu ufungwe vivyo hivyo, ushanga ndani, kwa sababu maji yaliyobaki yalikuwa ya punda, na punda alikuwa na thamani.

Mabruki alipona. Aliishi miaka arobaini zaidi na alicheza ngoma kwa mguu uleule. Alipokufa, waosha maiti walipapasa muundi wake wakakuta punje moja chini ya ngozi, imenata kwenye mfupa, haitikisiki. Hiyo ilikuwa punje moja. Swaumu alipozaliwa, katika masimulizi zilikuwa zimefika tatu, na alipovunja ungo zilikuwa saba. Ushanga uliosalia wa mzigo ule, ambao Mabruki aliona si vibaya kuuhifadhi badala ya kuurudisha kwa mwenyewe, ulikuwa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia chini ya kitanda cha mjukuu wake.

Bi Swaumu aliutumia kwa ubahili. Mfupa ukitoka nje ya ngozi, alichemsha punje, akaivunja kwa jiwe, akaweka chembe yake ndani kabisa ya jeraha, pale mfupa ulipoachana. Mfupa usipotoka nje, aliufunga ushanga juu ya mabanzi, ile miti ya kunyoosha mguu. Aliamini kwamba hapo unasaidia kidogo, kama salamu zilizotumwa kwa mtu wa mbali.

Tena palikuwa na kuku. Waganga wa mifupa wa Unyamwezi humvunja kuku mguu uleule aliovunjika mgonjwa, wakamfunga mabanzi. Siku kuku anapotembea, mgonjwa naye husimama. Jogoo kwa mwanamume, tembe kwa mwanamke. Wenzake wengi walimvunja kuku siku ileile ya ajali, jambo ambalo Bi Swaumu aliliita ujinga uliovaa kilemba. Mguu wa kuku huunga kwa wiki tatu na wa mtu kwa miezi miwili na ushei. Mgonjwa anamwona kuku anakimbia, naye anainuka, anavunjika upya, na lawama anapewa jini. Yeye alisubiri. Kila wiki alipapasa mguu wa mgonjwa kwa dole gumba, na alipoona zimebaki wiki tatu, ndipo alipoomba kuku.

"Mguu huunga wenyewe," alikuwa akisema. "Kinachochelewa ni moyo. Kuku ni dawa ya moyo."

Mwaka 1973 nchi nzima ilikuwa ikichimba vyoo. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na katika kijiji kimoja kipya upande wa Puge, kando ya barabara ya Nzega, Mwenyekiti alikuwa Modest Masolwa, Mkatoliki wa Jumapili na mwanachama wa siku zote saba. Modest alitoa hotuba hata akiomba chumvi. Mwezi wa nane alisoma mbele ya mkutano waraka uliopiga marufuku wapiga ramli, wauza hirizi na waganga wa mifupa, "ambao ni mabaki ya ujinga na unyonyaji." Aliusoma vizuri mno, hata akarudia aya ya pili kwa sababu watu walikuwa wamepiga makofi.

Wiki mbili baadaye alikwenda kukagua choo cha mfano. Choo kilikuwa kipya na hakijatumika, jambo ambalo baadaye alimshukuru Mungu kwalo kila alipovuta pumzi. Mzee mmoja mkorofi, Jilala, aliuliza mbele ya watu kama shimo lile kweli lina futi kumi na mbili, au lina nane zilizotangazwa kuwa kumi na mbili. Modest alichukua ufito akakaribia ukingo ili amwonyeshe. Ukingo ulikuwa umechimbwa na kijiji kizima na haukuwa umeshindiliwa na mtu yeyote. Ulikatika.

Watu waliinama kuchungulia. Kisha sauti ikatoka chini ya ardhi.

"Ndugu wananchi, kina kinatosha."

Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika katikati ya goti na kifundo cha mguu, mifupa yote miwili, ingawa ngozi ilikuwa nzima. Hospitali ilikuwa mbali, lori la kijiji lilikuwa limekalia mawe, na Mwenyekiti, ingawa hili halikuingizwa katika muhtasari wowote, aliogopa sindano. Mkewe, Paskazia, mwanamke wa maneno machache yaliyonolewa, alisema atatuma mtu Ipuli.

"Umesahau waraka," Modest alisema, jasho likimtiririka hadi masikioni.

"Waraka unakataza waganga. Haukatazi mashangazi."

Hivyo ndivyo Bi Swaumu alivyoshuka kesho yake kutoka kwenye lori la pamba, na buibui lake na kopo lake, akapokewa kama shangazi wa Paskazia aliyekuja kumtazama mgonjwa. Hakuna aliyeuliza imekuwaje mwanamke aliyebatizwa kanisani huko Lusu akawa na shangazi anayeswali mara tano. Jilala peke yake alimsogelea, akamwambia, "Karibu sana, Shangazi," akainua wayo na kumwonyesha kidole cha mguu alichojikwaa tangu masika.

Bi Swaumu aliingia chumbani, akamtazama Mwenyekiti, akashika mguu.

"Una uso wa mtu aliyechaguliwa kwa kura moja," alisema.

"Nilichaguliwa kwa kura zote, Shangazi."

"Hata shimo limekuchagua. Huko nako hukuwa na mpinzani."

"Mimi nilikuwa katika kutekeleza—"

"Watu wote huenda chooni kupeleka kitu. Wewe umejipeleka mwenyewe."

Modest alijiinua kwenye viwiko, uso umemwiva, akafungua kinywa. Bi Swaumu alivuta.

"Mayu wane," alisema Mwenyekiti, akimwita mama yake kwa Kinyamwezi, bila itifaki yoyote.

Baada ya hapo Shangazi alikuja kila wiki kwa lori la pamba. Alipapasa, akanusa, akakaza mabanzi, akanywa kahawa, akaondoka. Wiki ya nane dole gumba lake lilikuta kitu kigumu mahali palipokuwa na ulaini, akaomba jogoo. Modest alimtoa jogoo mweupe mwenye kola nyeusi shingoni. Bi Swaumu alimvunja mguu wa kushoto kwa mkono mmoja, haraka kama mtu anayevunja ganda la karanga, kisha akampasua ngozi kidogo kwa wembe, akatumbukiza kwenye mvunjiko chembe ya ushanga wa bluu, ndogo kama punje ya uwele, akashona.

"Mbona mimi hukunitia?" Modest aliuliza kutoka kitandani, kwa sauti ya mtu aliyerukwa katika ugawaji.

"Mfupa wako haukutoka nje. Siwezi kukupasua kwa ajili ya punje moja, mimi si mchinjaji. Dawa ataimeza huyu kwa niaba yako."

"Kwa niaba yangu?"

"Kwani huna naibu?"

Modest alifikiri. "Nafasi iko wazi," alisema.

Tangu siku hiyo jogoo aliitwa Naibu Mwenyekiti. Alilala chini ya kitanda cha mkubwa wake, mabanzi mguuni, na kila alfajiri alitoa hotuba fupi kuliko zote zilizowahi kutolewa katika nyumba ile.

Hayo yote yangepita salama kama Bwana Afya wa wilaya asingekuja wiki mbili baadaye kukagua vyoo. Aliitwa Dionis Lugembe, kijana wa miaka ishirini na sita aliyerudi kutoka chuoni Dar es Salaam na miwani, kalamu tatu za mfukoni na sanduku la majarida. Aliingia kumpa Mwenyekiti pole, akamkuta shangazi amezamisha dole gumba kwenye muundi wa mgonjwa. Aliona buibui kwenye msumari chini ya sanamu ya Bikira Maria. Kisha akainama kuokota kalamu iliyomdondoka, akatazamana na jogoo mwenye mabanzi.

"Shikamoo, Bibi," alisema, akinyanyuka.

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ni Swaumu wa Ipuli."

"Mimi ni shangazi."

"Nimekuandikia barua tatu, Bibi."

"Sijui kusoma. Ningejua, ningekuwa Bwana Afya."

Dionis hakucheka, ingawa Paskazia alilazimika kutoka nje. Alitoa karatasi kwenye mkoba, akaisoma kwa sauti ya upole. Ilisema kwamba mtajwa anakiri, kwa hiari yake, kuacha kabisa kuunga mifupa ya binadamu, na akirudia atafikishwa mahakamani. Chini yake palikuwa na nafasi ya dole gumba.

Bi Swaumu aliitazama ile nafasi nyeupe. Dole gumba lile lilikuwa limehisi miundi ya watu wa makabila yote ya reli, na wa mkuu mmoja wa wilaya wa Kiingereza ambaye hakutaka atajwe. Likishatiwa wino hapo, yeye atabaki mwanamke mnene mwenye mdomo, na wa namna hiyo Ipuli ilikuwa nao wa kutosha.

"Njoo Alhamisi ijayo," alisema. "Mwenyekiti asiposimama kwa mguu huu mbele yako, nitatia dole. Akisimama, utairudisha karatasi yako kwenye mkoba."

Dionis aliutazama mguu, akahesabu wiki kimoyomoyo. Alikuwa mtu wa haki, nalo ndilo lililokuwa tatizo lake wilayani. "Alhamisi," alisema.

Jumatano jioni Bi Swaumu alimfungua Naibu mabanzi. Jogoo alichechemea hatua mbili, akasimama, akaweka mguu chini kama mtu anayejaribu maji ya kuoga, kisha akatembea. Modest hakuonyeshwa. Ilikuwa sheria ya Bi Swaumu kwamba mgonjwa amwone kuku siku ya siku, saa ileile, kwa sababu dawa ya moyo haionjwi mapema. Naibu alifungwa kamba mguuni, akawekwa nyuma ya jiko asubiri kesho.

Sasa, jogoo aliyefungwa kamba nyuma ya jiko ana maana moja tu kuanzia Tabora hadi Ziwa.

Alhamisi asubuhi alifika Imakulata, mdogo wake Paskazia, kwa miguu kutoka Lusu, kuja kusaidia kupokea mgeni. Alimkuta dada yake amekwenda kwenye shamba la kijiji. Shangazi alikuwa chumbani akimpaka Mwenyekiti mafuta ya karanga kwenye mguu, huku amefunga saumu ya Alhamisi, kama alivyofanya kila alipokuwa na kazi ngumu. Imakulata hakutaka kumsumbua mtu. Saa nne Landrover ya wilaya ilisikika barabarani. Kuku wa kijiji kile walikuwa wameshaijua sauti ya Landrover kuliko wananchi. Kabla haijazima moto, hakukuwa na kuku hata mmoja uwanjani. Imakulata alizunguka nyuma ya jiko, na pale akamkuta mmoja mpole, mweupe, amefungwa tayari. Alimshukuru dada yake kwa kufikiri mbele.

Hadi adhuhuri wali ulikuwa umeiva. Paskazia alirudi kutoka shambani, akanawa, akakuta mgeni ameshawekewa chakula chumbani kwa mgonjwa, bakuli limefunikwa. Dionis alipewa firigisi kwa heshima ya cheo, kisha mguu. Alikula kwa adabu. Modest, aliyevaa shati la mikutano juu na shuka chini, alikataa kula kwa sababu moyo ulikuwa umemjaa.

"Haya," Bi Swaumu alisema mgeni alipobakiza mfupa. "Mleteni Naibu."

Paskazia alitoka. Alikawia. Aliporudi alikuwa ameshika kamba.

"Imakulata," alisema, "yule jogoo wa nyuma ya jiko yuko wapi?"

Imakulata alionyesha bakuli kwa kidevu. "Si huyo. Wengine wote walikimbia gari. Huyu aliningoja."

Dionis, ambaye hakujua habari yote ila alijua kusoma nyuso, alitoa mfupa kinywani polepole na kuuweka kwenye sahani.

Modest alilitazama bakuli. "Mguu wangu," alisema, "umeliwa na Serikali."

Akavuta shuka hadi kidevuni.

Walimbembeleza. Paskazia alimwambia ni kuku tu. Yeye alijibu kwamba ni kuku tu kwa yule ambaye mguu wake hauko tumboni mwa mtu mwingine. Siku zote amekuwa tayari kulitolea taifa mchango wowote, alisema, na anayo rekodi, lakini hasimami. Naibu akifa, mkubwa naye hujiuzulu.

Bi Swaumu alirudi kwenye silaha yake. Alimwambia kwamba jogoo alikuwa na moyo kumshinda, na nyama kumshinda pia, na kwamba kijiji kingechagua jogoo kingekuwa na choo kisichobomoka. Modest alikasirika ipasavyo. Alikasirika akiwa amelala. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini Bi Swaumu aligundua kwamba hasira inaweza kumfanya mtu asahau mguu, lakini haiwezi kumfanya aukumbuke.

Dionis alijifuta vidole kwa leso. Akatoa karatasi, akaiweka juu ya stuli, na kando yake kikopo cha wino.

"Samahani, Bibi," alisema. "Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," alisema Bi Swaumu.

Alisogeza stuli. Alilitazama dole gumba lake, mafuta ya karanga yakiling'arisha kana kwamba linakwenda arusini. Ili lisichafue karatasi alitafuta kitu cha kulifutia, na macho yake yakapita kwenye sahani ya mgeni. Yakarudi.

"Bwana Afya, huo uliokula ni mguu wa kushoto au wa kulia?"

"Bibi?"

"Wa kushoto una kifundo katikati."

Dionis aliuinua mfupa dirishani. Katikati palikuwa na uvimbe mgumu, kama fundo la mwanzi. "Nilidhani ni uzee," alisema.

"Uvunje."

"Nini?"

"Una mikono. Uvunje."

Dionis alishika mfupa kwa mikono yote miwili, akauvunja, na ukalia kama kawaida ya mifupa. Aliutazama.

"Umevunjika wapi?" Bi Swaumu aliuliza.

"Hapa juu. Karibu na goti."

"Na kwenye kifundo?"

"Kwenye kifundo ni mzima."

"Mpe mwenye mguu."

Modest aliupokea kwa vidole viwili, kama mtu anayekabidhiwa kiungo chake mwenyewe. Alijaribu kuuvunja pale kwenye kifundo. Alijaribu tena, akaukaza kwenye goti la kulia. Ulikataa. Wakati huo Dionis alikuwa ameinama juu yake, miwani ikigusa mfupa.

"Hii bluu ni nini?"

"Ushanga wa babu," alisema Bi Swaumu.

"Kioo?"

"Kioo. Utoe uone."

Dionis aliuchukua mfupa mkononi mwa Mwenyekiti bila kuomba ruhusa, akachokonoa chembe kwa ncha ya kalamu. Ncha ilipinda. Akachukua kalamu ya pili. Aliketi sakafuni.

"Bibi, chuoni nilisoma jarida moja," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya mwanafunzi. "Kuna Wamarekani waliochanganya kioo, wakakiweka kwenye mifupa ya panya. Walipotaka kukitoa, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika."

"Kioo cha namna gani?"

"Si cha kawaida. Mchanga kidogo, magadi na chokaa kwa wingi, na fosfati, ile iliyomo kwenye mfupa wenyewe. Kikilowa maji ya mwili kinajivika utando unaofanana na mfupa, na mfupa halisi ukikigusa unaona umekutana na ndugu. Wanatumaini siku moja kuwatengenezea watu. Kioo cha kawaida mwili hukizungushia ngozi na kukitenga."

"Cha chupa hutoa usaha," Bi Swaumu alisema. "Nilijaribu mwaka wa Uhuru, kuku wanne. Cha chimni ya taa pia, kuku wawili. Hakishiki."

Dionis alimtazama. "Ulijaribu?"

"Ulidhani niliota?"

"Na ushanga? Wote unashika?"

"Wa dukani siku hizi, hapana. Wa kopo hili unashika mara nyingine, na mara nyingine mfupa huufunika tu kama mtu anayefunika sufuria."

"Kwa nini?"

"Nilirithi kopo, mwanangu. Sikurithi cheti."

"Basi sijui kilichomo kwenye ushanga wako. Huenda hakifanani kabisa na kile cha Wamarekani. Huenda huyu jogoo ni yule wa kufunika sufuria."

"Huenda. Ndiyo maana navunja kuku, sivunji watu."

Waliendelea hivyo. Dionis aliuliza moto wa kuchemshia ulikuwa mkali kiasi gani, na Bi Swaumu akauliza wale panya walilala wiki ngapi na nani aliyewalisha. Wote wawili walikuwa sakafuni, vichwa vimekaribiana juu ya mfupa wa mboga, na hakuna kati yao aliyekuwa akimtazama Mwenyekiti wa kijiji.

Modest Masolwa hakuwa amewahi kukaa katika chumba kimoja na mazungumzo yasiyomhusu. Alikohoa. Aliwakumbusha kwamba mfupa ule ni wa ofisi yake. Alinyoosha mkono auchukue, nao walikuwa wamesogea dirishani kutafuta mwanga. Vidole vyake vilikuwa bado vinakumbuka ugumu wa kile kifundo. Alitupa shuka pembeni, akateremsha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akasimama ili aombe utulivu kikaoni.

"Ndugu wananchi," alianza.

Paskazia aliweka mkono mdomoni. Modest alitazama chini, akaona miguu miwili, ya kwake yote. Alitaka kuanguka, lakini watu walikuwa wanamtazama, na hilo lilikuwa limemsimamisha maisha yake yote. Alipiga hatua moja. Ya pili ilikuwa mbaya, ya tatu ikawa nzuri kuliko ya kwanza, na ya nne ikamfikisha dirishani, ambapo aliunyakua mfupa wake na kuegemea ukuta.

"Fimbo," Bi Swaumu alisema. "Wiki nne na fimbo. Na usikaribie shimo lolote."

Alikuwa amegeuza uso. Imakulata, aliyekuwa mlangoni akisubiri kugombezwa, peke yake ndiye aliyeona kwamba bibi yule mwenye mdomo anafuta macho kwa lile dole gumba, akijipaka mafuta ya karanga shavuni.

Dionis alikunja karatasi, akairudisha kwenye mkoba. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na safari yake ilihitaji taarifa, alitoa daftari akaandika papo hapo, akisoma kwa sauti ili asiseme uongo bila mashahidi: "Nimekagua kijiji. Choo cha mfano kinahitaji kushindiliwa ukingo. Mganga sikumkuta. Nimemkuta shangazi wa mke wa Mwenyekiti."

"Andika na kuku," Modest alisema.

"Kuku sikumkuta," alisema Dionis.

Dionis alipoaga, Bi Swaumu alifungua kopo na kumpa punje moja ya ushanga, ya bluu, aipeleke Dar es Salaam kwa wenye mashine wakatazame kilichomo. Alimpa moja tu. Alipoomba ya pili, alimwambia kwamba babu yake hakuvunjika mguu kwa ajili ya wilaya. Nusu ya mfupa wenye kifundo aliichukua yeye, akaiweka ndani ya kopo.

Mwezi uliofuata Modest aliita mkutano. Alikuja na fimbo, akaiegemeza mezani ili watu waone kwamba haihitaji, na kwa kuwa waraka ulikuwa bado haujafutwa na yeye alikuwa bado Mwenyekiti, aliusoma upya, wapiga ramli, wauza hirizi na waganga wa mifupa, mabaki ya ujinga na unyonyaji. Aya ya pili aliirudia. Kwenye mkeka wa mbele kabisa Shangazi alikuwa amekaa na buibui lake, na alipiga makofi kuliko wote.

Jilala alinyoosha mkono. Alitaka kujua waraka unasemaje kuhusu mashangazi.

"Waraka," Modest alisema, "hauingilii ndugu."

Jilala alishukuru, akakaa. Jioni ile alikwenda kwa Paskazia na kidole chake cha mguu, akamweleza kwamba amefuatilia ukoo wake kwa makini, na inaonekana upande wa mama yake nao ulikuwa na mtu Ipuli. Kufikia mavuno, zaidi ya nusu ya kijiji walikuwa wamegundua jambo hilohilo, na kuku wote walioweza kutembea walikuwa wameanza kukimbia wakiliona lori la pamba.